Alama za Wi-Fi zimejaa, lakini intaneti haifunguki

«Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la stesheneri hapa Iringa, lenye kompyuta tano na printa moja tunayoitumia wote kupitia mtandao. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja kuomba vyuo na mikopo. Ruta ya kampuni ya intaneti imefungwa ukutani chumba cha mbele. Chumba cha nyuma Wi-Fi ilikuwa haifiki vizuri, kwa hiyo miezi miwili iliyopita mpwa wangu alinunua ruta nyingine Kariakoo, akavuta waya kutoka ruta ya kwanza hadi ya pili. Tangu hapo sina amani. Kompyuta inapata intaneti asubuhi, mchana inaikosa, hata zile za mbele zilizochomekwa waya. Zinazotumia Wi-Fi zinaonyesha alama zimejaa kabisa. Printa nayo leo inaonekana, kesho haionekani. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akafuta Windows kwenye kompyuta mbili, tatizo likarudi baada ya siku tatu. Fundi wa pili anasema kifurushi changu ni kidogo, nilipie kikubwa. Kabla hajaondoka aliniandikia kwenye karatasi kwamba kompyuta inayofanya kazi ina namba 192.168.1.23 na lango 192.168.1.1, na isiyofanya kazi ina 192.168.0.101 na lango 192.168.0.1. Mimi sikusomea kompyuta. Naomba unieleze kuanzia mwanzo namba hizi ni za nini, na kama nilipie hicho kifurushi.»

Ndugu yangu, swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili usije ukatoa fedha kesho asubuhi: usilipie kifurushi kikubwa, na usikubali kompyuta nyingine ifutwe. Namba ulizoandikiwa kwenye karatasi ndizo zinazofichua kila kitu, na inasikitisha kwamba fundi aliziandika kwa mkono wake kisha hakuzisoma. Dukani kwako kuna ruta mbili zinazogawa anwani kwa wakati mmoja, na mojawapo haina njia ya kutokea nje. Kompyuta iliyopewa anwani na ruta ya mbele inapata intaneti, na iliyopewa na ruta ya nyuma inakwama. Umeniomba nianzie mwanzo, nami nitafanya hivyo, kwa sababu ukielewa mambo machache utaweza kulitengeneza hili kwa mikono yako, na hakuna atakayekuuzia tena dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayofanya kazi ya waya kati ya kompyuta yako na ruta, na kazi yake inaishia hapo. Vile vipinde vinavyojaa pembeni mwa skrini vinapima nguvu ya mawimbi hayo tu, wala havijui lolote kuhusu yanayotokea upande wa pili wa ruta. Chukua ruta mpya, ichomeke kwenye umeme bila kuiunganisha na kampuni yoyote ya intaneti, kisha isogelee ukiwa na simu: vipinde vyote vitajaa, na hutafungua hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo alama iliyojaa haipingani na intaneti iliyokosekana, kwa kuwa ni habari za sehemu mbili tofauti za safari. Sehemu ya kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, ya pili ni kutoka ruta hadi kampuni inayokuuzia huduma, na ya tatu ni kutoka kampuni hiyo hadi mahali tovuti ilipo, ambapo mara nyingi ni nje ya nchi kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima na katika nchi jirani, na siku ile kila aliyezima na kuwasha ruta yake alikuwa akihangaika bure. Lako haliko mbali hivyo, liko ndani ya vyumba vyako viwili.

Sasa tuje kwenye namba. Kila kifaa kilichomo katika mtandao, iwe kompyuta, simu au printa, lazima kiwe na anwani yake ili taarifa zinazotumwa zijue pa kwenda. Anwani hiyo huitwa anwani ya IP, nayo ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Katika mitandao midogo kama wako, namba tatu za mwanzo huwa ni kama jina la ukoo, na ya mwisho ni jina la kifaa chenyewe. Kompyuta yenye 192.168.1.23 ni wa ishirini na tatu katika ukoo wa 192.168.1, na printa yenye 192.168.1.50, kwa mfano, ni ndugu yake wa ukoo huohuo. Ndugu wa ukoo mmoja huzungumza moja kwa moja. Kifaa kinapotaka kuzungumza na asiyekuwa wa ukoo wake, hakimtafuti chenyewe, bali hukabidhi ujumbe kwa kifaa kimoja maalumu kinachojua njia ya kutoka, na hicho ndicho fundi wako alichokiita lango. Katika duka lako lango halisi ni ruta ya ukutani, yenye anwani 192.168.1.1.

Huenda utauliza inakuwaje duka lako na la jirani yako yote yawe na 192.168.1.1 bila kugongana. Fikiria shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Barua zote za wanafunzi mia tano zinaandikwa S.L.P. ileile, na postamasta hajui wala hahitaji kujua nani analala bweni gani. Karani wa shule ndiye anayezipokea na kumfikishia kila mwanafunzi yake. Namba za vitanda ndani ya mabweni zinaweza kufanana kabisa na za shule nyingine, kwa kuwa hazitumiki nje ya geti. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani ya namna hiyo, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 1996. Haja yake ilikuwa kubwa, kwa sababu mfumo huu wa namba nne unatoa anwani zipatazo bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu la anwani hizo lilimaliza kugawa mafungu yake Februari 2011. Kwa nje, basi, duka lako lote linaonekana kwa anwani moja, na ruta ndiyo karani: inakumbuka kompyuta ipi iliomba ukurasa upi, na jibu linaporudi inalipeleka kwa mwenyewe.

Ila karani huyu ana kazi nyingine, na hapa ndipo tatizo lako lilipo. Ni yeye anayegawa namba za vitanda. Kazi hiyo huitwa DHCP, na hufanyika kimyakimya kila unapowasha kompyuta. Tazama kinachotokea. Kompyuta inapoamka haina anwani, kwa hiyo inatoa sauti katika mtandao mzima, kila kifaa kikisikia: kuna yeyote wa kunipa anwani? Ruta inajibu kwamba ipo, inaipa namba, inaiambia lango ni lipi, na inaitajia muda wa kuitumia namba hiyo kabla ya kuomba tena, ambao katika ruta nyingi ni saa kadhaa hadi siku moja. Mahali penye mgawaji mmoja mambo haya hukamilika kabla hujamaliza kuandika nenosiri.

Mpwa wako aliponunua ruta ya pili, alinunua karani wa pili, ambaye kiwandani aliwekewa ukoo wa 192.168.0 na kuambiwa kwamba lango ni yeye mwenyewe, 192.168.0.1. Kisha, kwa namba hizi ulizonipa, nina hakika kwamba waya uliotoka ruta ya kwanza aliuchomeka katika mojawapo ya matundu ya kawaida ya ruta ya pili, yale manne yaliyopangwa pamoja, badala ya lile moja lililojitenga, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na limeandikwa WAN. Kwa kufanya hivyo aliunganisha vyumba vyote viwili kuwa mtandao mmoja wenye makarani wawili. Sasa kompyuta inapoita, wote wawili wanasikia na wote wawili wanajibu, na kompyuta inapokea jibu lililowahi kufika. Likiwahi la ruta ya mbele, inapata ukoo sahihi na lango sahihi. Likiwahi la ruta ya nyuma, inapewa 192.168.0.101 na kuelekezwa kwenye lango ambalo tundu lake la kutokea nje liko tupu, halijachomekwa kitu. Kompyuta inafuata maagizo kwa uaminifu, inakabidhi kila ombi kwa 192.168.0.1, na maombi yanafia pale.

Printa nayo inaelezeka kwa njia hiyohiyo. Ikiwa imebaki katika ukoo wa 192.168.1, kompyuta iliyoangukia ukoo wa 192.168.0 inaiona kuwa ni mgeni, inapeleka ombi la kuchapisha kwenye lango bovu, na ombi linapotea, ingawa printa iko mezani hatua mbili tu kutoka pale ulipoketi. Kubadilika kwa mambo kati ya asubuhi na mchana pia kuna sababu. Kompyuta huikumbuka anwani yake ya mwisho na huomba kwanza irudishiwe hiyo, kwa hiyo inaweza kukaa siku mbili au tatu ikiwa salama. Siku ikianza upya kutafuta, baada ya umeme kukatika au muda wa anwani kuisha, inaweza kuangukia mikononi mwa karani mwingine. Ndiyo maana kufuta Windows kulionekana kumesaidia kwa siku tatu.

Kwa haki ya mafundi wako, niseme kwamba hawakutaja mambo yasiyokuwepo duniani. Virusi vipo, na vingine hubadilisha mipangilio ya mtandao, lakini virusi haviwezi kuwa sababu ya kompyuta kupewa anwani halali kabisa ya ukoo wa ruta nyingine iliyomo humohumo dukani. Kifurushi nacho kinaweza kuwa kidogo, lakini kifurushi kidogo huleta ucheleweshaji kwa wote kwa pamoja, hasa duka linapojaa. Hakichagui kompyuta moja kikaacha nyingine, wala hakifichi printa, kwa maana kuchapisha hakutumii intaneti hata chembe wakati kompyuta na printa zimo katika mtandao mmoja wa ndani. Ukitaka kujua kama kasi unayolipia inakutosha, kumbuka kwamba kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Huduma ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifika kamili, inashusha takribani megabaiti 1.25 kwa sekunde, yaani faili la PDF la megabaiti 5 linachukua kama sekunde nne. Kwa kazi za fomu na vyeti kasi hiyo inakutosha kwa nafasi.

Kabla ya kutengeneza, thibitisha, kwa sababu mimi sijaliona duka lako kwa macho. Chomoa waya unaounganisha ruta mbili, zima kompyuta zote za chumba cha mbele na kuziwasha upya, kisha fanya kazi hivyo siku nzima. Nikiwa sahihi, hazitakatikiwa hata mara moja. Katika kompyuta yoyote yenye Windows unaweza pia kufungua dirisha jeusi la maagizo kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, halafu uandike ipconfig na kubonyeza Enter. Mstari wa IPv4 ni anwani ya kompyuta, na mstari wa Default Gateway ni lango. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliita na hakuna karani aliyejibu, kwa hiyo kagua waya au ruta yenyewe. Baada ya hapo andika ping 192.168.1.1, agizo la kukiuliza kifaa chenye anwani hiyo kama kinakusikia. Majibu yakija, hatua ya kwanza ya safari ni nzima. Andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya Google iliyo nje ya duka lako. Ruta ikijibu lakini hii isijibu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo limeshatoka mikononi mwako na hapo ndipo unapoipigia simu kampuni yako. Na kama 8.8.8.8 inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, kilichokwama ni DNS, mfumo ulioanzishwa mwaka 1983 wa kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, kama kitabu cha simu kinavyokupa namba ya mtu unayemjua kwa jina tu.

Ukishathibitisha, una njia tatu, na hazilingani.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kuhamisha waya katika ruta ya pili, utoke tundu la kawaida uingie tundu la WAN. Ruta hiyo itaacha kuingilia chumba cha mbele, na yenyewe itapata njia ya kutokea nje. Intaneti itarudi kote kwa dakika chache. Lakini utakuwa umegawa duka kuwa mitandao miwili, na printa ikikaa chumba cha nyuma, kompyuta za mbele hazitaifikia. Naikubali njia hii kwa siku moja ya dharura, dirisha la maombi ya mikopo likiwa linakaribia kufungwa na foleni ikiwa imefika barazani.

Ninayokushauri ni ya pili: kumwachisha karani wa nyuma kazi ya kugawa anwani, abaki kusambaza Wi-Fi peke yake. Waya wa kati ukiwa umechomolewa, unganisha kompyuta moja na ruta ya pili, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1, na uingie kwa nenosiri lililobandikwa chini ya ruta au lile aliloweka mpwa wako. Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo lililoandikwa AP Mode, na kulichagua kunamaliza kazi yote. Ukilitumia chaguo hilo, fuata maelekezo ya kijitabu kuhusu tundu la kuchomeka waya, maana nyingine hutaka lile la WAN. Kama halipo, badilisha anwani ya ruta hiyo iwe 192.168.1.2, hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, tafuta sehemu ya DHCP, izime na uhifadhi. Fuata mpangilio huohuo, kwa maana ukizima DHCP kwanza kompyuta yako inaweza kukosa anwani na kushindwa kuingia tena kumalizia. Kisha, kwa kompyuta ya chumba cha mbele, ingia ruta ya mbele kwa kuandika 192.168.1.1 katika kivinjari, uhakikishe kwamba haigawi namba ya 2 kwa kifaa kingine. Sehemu yake ya DHCP inaonyesha inaanzia namba gani. Mwishowe rudisha waya katika tundu la kawaida kama ulivyokuwa, na uwashe upya kompyuta zote. Humohumo ndani ya ruta ya mbele, ihifadhie printa anwani moja isiyobadilika, ili kompyuta zisiitafute kila siku mahali papya.

Njia ya tatu ni kununua kifaa kilichotengenezwa kwa kusambaza Wi-Fi pekee. Ni kizuri, lakini kwa chumba kimoja cha nyuma, na ruta unayo tayari, sioni sababu ya kutumia fedha hizo. Wapo watakaokushauri ununue kile kidude kinachochomekwa ukutani na kurudisha mawimbi bila waya. Vingi vya bei ndogo hupokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale, kwa hiyo kasi hupungua kama kwa nusu, na wewe waya umeshauvuta. Mpwa wako, katika hilo, alifanya uamuzi sahihi kuliko wengi.

Jambo moja nakusihi usilifanye: usibonyeze kile kitufe kilichojificha ndani ya kitundu kidogo nyuma ya ruta ya kampuni ukidhani utaisafisha. Kinafuta mipangilio yote, na ndani yake mara nyingi kuna jina na nenosiri ambalo kampuni iliweka ili ruta itambuliwe. Zikifutika utakaa bila intaneti hadi wao warudi. Angalia pia kwamba hakuna waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa katika ruta ileile. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ambayo mtandao wake wote ulikuwa umekufa tangu asubuhi, na baada ya saa tatu za kukagua nyaya chini ya meza nikakuta mfagiaji aliokota ncha iliyolegea, akaichomeka kwenye tundu tupu kwa nia njema kabisa. Taarifa zilikuwa zikizunguka humo bila kikomo mpaka hapakubaki nafasi ya kazi.

Mwite fundi afike dukani iwapo umechomoa ruta ya pili siku nzima na bado zinakatikiwa, iwapo ping ya 192.168.1.1 inajibu mara moja na kupotea mara mbili hata kwa kompyuta yenye waya, au iwapo ruta inajizima yenyewe au inatoa harufu ya kuungua. Kama waya wa mpwa wako umepita nje, juu ya paa au kati ya majengo mawili, mwite hata kama kila kitu kinafanya kazi. Waya wa kawaida wa ndani haukutengenezwa kwa jua na mvua, na wakati wa radi unaweza kuingiza umeme katika kila kifaa ulichokiunganisha. Akija, mwonyeshe ile karatasi yenye namba nne, na kabla hajagusa kompyuta yoyote mwombe akueleze kwa nini lango la moja ni tofauti na la nyingine.